Jicho la Mashine Katika Kinu cha Pamba

Leo hatuzungumzii kupanda wala kupalilia. Leo tunaifuata pamba yako baada ya kutoka mikononi mwako. Umeichuma, umeifikisha kituoni, karani ameipima kwenye mizani, nawe umepokea stakabadhi yako ukarudi nyumbani. Kwako wewe kazi imekwisha. Lakini kwa pamba yenyewe safari ndiyo kwanza inaanza, na huko mbele siku hizi kuna mashine zenye macho. Mashine hizo huitazama pamba, huipima unyevu, huhesabu vipande vya majani vilivyomo, kisha hutoa hukumu.

Huenda ukauliza, "Mambo ya mashine za kiwandani yananihusu nini mimi mwenye ekari zangu mbili?" Yanakuhusu sana, ndugu yangu. Kile inachokiona mashine kiwandani, kwa sehemu kubwa, ni kazi iliyofanywa na mikono shambani na nyumbani. Basi tuelezane polepole.

MNUNUZI WA NYUZI ANATAKA NINI

Pamba unayouza wewe inaitwa pamba mbegu. Kinu cha kuchambua hutenganisha nyuzi na mbegu. Katika kilo 100 za pamba mbegu hupatikana nyuzi kama kilo 33 mpaka 40 hivi. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni mbegu, na kidogo ni takataka. Nyuzi hushindiliwa, zikafungwa marobota, zikauzwa kwa wenye viwanda vya kusokota uzi.

Huyu msokotaji ana mambo matano anayoyaangalia. Kwanza ni urefu: nyuzi ndefu hutoa uzi mwembamba ulio imara. Pili ni nguvu: nyuzi dhaifu hukatika mashineni, na mashine ikisimama ni hasara. Tatu ni ukomavu: nyuzi zisizokomaa hujiviringa vifundo na hazishiki rangi sawasawa. Nne ni rangi ya pamba yenyewe: nyeupe yenye kung'aa, au yenye umanjano, au iliyofifia. Tano ni usafi.

Zamani mambo hayo yalipimwa kwa macho na vidole tu. Mkaguzi alichukua fumba la pamba, akalitazama kwenye mwanga, akazivuta nyuzi kidogo kidogo kati ya vidole gumba kupima urefu. Walikuwapo wakaguzi hodari kwelikweli, na hata leo kazi hiyo haijafa. Lakini jicho la mtu huchoka. Pamba aliyoipitisha asubuhi anaweza kuikataa jioni. Na mwanga wa siku ya mawingu si sawa na mwanga wa jua kali. Watu wawili wakibishana juu ya pamba moja, nani awaamue?

Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitafuta chombo kisichochoka. Bibi Dorothy Nickerson, aliyeanza kazi katika wizara hiyo mwaka 1927, alitumia miaka mingi kuchunguza habari za rangi. Mwaka 1950 yeye na wenzake walitangaza chombo kipya cha kupima rangi ya pamba. Rangi hiyo hupimwa kwa mambo mawili tu: mwanga kiasi gani unarudi ukimulika pamba, na umanjano wake ni kiasi gani. Mpaka leo rangi ya pamba ulimwenguni hupimwa kwa mambo hayohayo mawili.

ROBOTA MOJA, NAMBA MOJA

Tangu mwaka 1991 upangaji wa madaraja ya pamba ya Marekani unategemea mashine. Utaratibu wake ni huu. Robota likishafungwa hukatwa sampuli upande huu na upande ule, kila moja kiasi cha gramu 113 au zaidi. Sampuli hupelekwa kwenye chumba maalumu chenye joto la nyuzi 21 za sentigredi na unyevu wa hewa wa asilimia 65. Kwa nini wasipime popote? Kwa sababu pamba hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni. Ukiipima leo mvua inanyesha na kesho jua linawaka, utapata majibu mawili tofauti kwa pamba ileile.

Ndani ya chumba hicho mashine hushika nyuzi mfano wa kitana, ikamulika taa na kupima urefu. Kisha huzivuta mpaka zikatike, ikapima nguvu. Hupuliza hewa katika donge la pamba la uzito unaojulikana: nyuzi zikiwa nyembamba sana hewa hupita kwa shida, zikiwa nene hupita kwa urahisi. Kipimo hicho huitwa maikronea. Kikiwa kati ya 3.5 na 4.9 pamba inakubalika, na iliyo kati ya 3.7 na 4.2 hupendwa zaidi. Nje ya hapo bei hushuka. Mwisho pamba hushindiliwa kwenye kioo, taa huwaka, na kamera huhesabu vidoa vyeusi vya majani na takataka vinavyoonekana usoni mwa pamba.

Sasa sikiliza neno hili kwa makini. Kila robota lina namba yake, majibu ya vipimo huandikwa kwa namba hiyo, na namba hiyo inajulikana imetoka kwa mkulima gani. Mwenye pamba nzuri hulipwa bei ya pamba nzuri. Mwenye pamba mbaya hukatwa. Jambo hili tutalirudia baadaye.

MACHO NDANI YA KINU

Hata hivyo, kupima robota lililokwisha kufungwa ni kama kuonja mchuzi wakati wageni wameshapakuliwa. Kama chumvi imezidi, imezidi. Wataalamu wakasema: tupime pamba ikiwa bado inapita kwenye mabomba, ili mwendesha kinu aweze kurekebisha.

Ili uone faida yake, elewa kwanza shida ya mwendesha kinu. Pamba ikifika na unyevu mwingi, takataka hung'ang'ania nyuzi, na mashine huziba. Basi huipitisha kwenye hewa ya moto ikauke. Lakini akiikausha kupita kiasi, nyuzi hukauka kama nyasi za kiangazi na hukatika mashineni. Nyuzi iliyokatika haiungiki tena. Wataalamu wa Marekani hushauri nyuzi zichambuliwe zikiwa na unyevu wa asilimia 6 mpaka 7. Chini ya asilimia 5 nyuzi nyingi zaidi hukatika.

Shida ya pili ni kusafisha. Mashine za kusafisha nyuzi katika kinu cha misumeno zina meno. Meno hayo hutoa majani na takataka, ndiyo, lakini kila zinapopita nyuzi hukatika kidogo, vifundo huongezeka, na uzito hupungua maana baadhi ya nyuzi nzuri hutoka pamoja na takataka. Pamba safi yafaa ipite mara moja tu, au chache iwezekanavyo. Pamba chafu haina budi kupita tena na tena. Sasa mwendesha kinu asiyejua ni pamba ya namna gani inapita wakati huu atafanyaje? Ataikausha na kuisafisha yote kana kwamba yote ni chafu. Ni sawa na mganga anayewapa wagonjwa wote dawa ya yule aliye mahututi.

Katika kituo cha utafiti wa kuchambua pamba kilichoko Stoneville, katika jimbo la Mississippi, wataalamu walitengeneza mfumo wa kumwondolea mwendesha kinu kubahatisha. Waliweka vifaa vya kupimia mahali mbalimbali katika njia ya pamba, kuanzia inapoingia mpaka karibu na kufungwa robota. Ndani ya bomba kuna kibao kidogo ambacho kila baada ya muda husukuma pamba kidogo na kuibana kwenye dirisha la kioo. Nyuma ya kioo kuna taa na kamera. Kamera hupiga picha, rangi hupimwa, vidoa vya takataka huhesabiwa.

Unyevu nao hupimwa papo hapo. Njia mojawapo ni kwa umeme: pamba yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko pamba kavu. Njia nyingine ni kwa mwanga wa aina ambayo jicho letu haliuoni. Maji huumeza mwanga huo, basi ukirudi mdogo mashine hujua pamba ina maji mengi.

Habari zote hizo huenda kwenye kompyuta. Kompyuta huamua: punguza moto, ongeza moto, ipitishe pamba hii katika mashine mbili za kusafisha, au moja tu. Milango ndani ya mabomba hufunguka na kufunga yenyewe. Mfumo wa namna hii uliingia katika vinu vya biashara vya Marekani katika miaka ya 1990.

Waona basi, ndugu mkulima. Pamba safi ikiingia kwenye kinu cha namna hiyo hupata tunzo: haiteswi. Hupita haraka, hubaki na urefu wake na uzito wake. Pamba chafu hupigwa meno.

KAMERA NA VIPANDE VYA PLASTIKI

Siku hizi kuna adui mwingine, naye ni plastiki. Huko Marekani pamba huvunwa kwa mitambo mikubwa, na mingine huifunga pamba kwa plastiki hukohuko shambani. Wakati wa kuifungua kinuni vipande hubaki ndani ya pamba. Wenye viwanda vya kusokota walilalamika sana.

Wataalamu wa serikali walioko Lubbock, katika jimbo la Texas, wakafunga kamera ndogo juu ya mteremko ambapo pamba mbegu huingia kwenye mashine ya kuchambulia. Kamera zenyewe si za gharama kubwa, ni za jamii ya zile za simu za mkononi. Kompyuta hutazama picha kila nukta. Ikiona rangi isiyo ya pamba, tuseme manjano au waridi, hufungua hewa yenye nguvu ikakipuliza nje kile kipande pamoja na pamba kidogo iliyo karibu nacho.

Ni kazi nzuri. Lakini tazama udhaifu wake: kamera hii hutegemea tofauti ya rangi. Plastiki ya manjano juu ya pamba nyeupe inaonekana. Je, uzi mweupe juu ya pamba nyeupe?

Hapa ndipo jambo linapomgusa mkulima wa Shinyanga, wa Simiyu, wa Mwanza na wa Geita. Pamba yetu huchumwa kwa mikono, wala hatufungi kwa plastiki ya manjano. Lakini wangapi kati yetu huchumia au kuhifadhi pamba katika mifuko ya salfeti, ile tuliyonunulia mbolea au sukari? Mfuko wa salfeti umefumwa kwa nyuzi za plastiki, na mingi ni myeupe. Ukichakaa kidogo tu huanza kuchanika nyuzinyuzi. Uzi mmoja unaingia ndani ya pamba. Kinuni meno huurarua ukawa vipande vingi, vyembamba kama unywele. Jicho la mtu halivioni. Hata kamera hupata taabu kuviona. Vinasokotwa pamoja na pamba, vinafumwa kitambaa. Kitambaa kikitiwa rangi ndipo siri inapofichuka, maana plastiki hiyo haishiki rangi ya pamba: mistari na madoa meupe katikati ya khanga nzuri nyekundu! Kitambaa hicho hakiuziki tena kwa bei yake. Mwenye kiwanda akipata hasara hiyo mara moja, safari nyingine akinunua pamba kutoka nchi ile hutaka apunguziwe bei, hata kama robota analonunua halina kosa.

MASHINE HAIWEZI KUFANYA NINI

Wapo wanaodhani kwamba kinu kikiwa cha kisasa kitatengeneza pamba iliyoharibika. Sivyo. Kinu hakiongezi urefu wa nyuzi. Hakikomazi tumba lililochumwa changa. Hakiondoi umanjano wa pamba iliyooza ghalani. Hakifuti sukari nata iliyoachwa na wadudu mafuta au nzi weupe tumba lilipokuwa wazi. Kinu kizuri hulinda ubora ulioletwa, kinu kibaya huuharibu. Ubora wenyewe hutoka shambani.

Na kuhusu maji, tuambiane ukweli. Kuna watu hunyunyizia pamba maji, au hutia mchanga, ili uzito uongezeke mizanini. Kwa kifaa cha kupima unyevu maji hayo si siri. Pamba mbegu iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12 hupata joto yenyewe ndani ya lundo, nyuzi hugeuka rangi, na mbegu hupoteza uwezo wa kuota. Na mbegu ya kupanda msimu ujao hutoka wapi kama si kinuni humohumo? Aliyetia maji leo huenda mwakani akapanda mbegu isiyoota.

NA HUKU KWETU JE?

Huku kwetu daraja la pamba ya mkulima huamuliwa kwa macho katika kituo cha kununulia: pamba safi, yaani daraja la A, na pamba fifi, yaani daraja la B. Nchi yetu haiko nyuma kabisa katika upimaji wa mashine. Maabara ya Shirika la Viwango mjini Dar es Salaam iliteuliwa kuwa kituo cha kanda ya Afrika Mashariki na Kusini katika mradi wa kimataifa wa kulinganisha vipimo vya mashine za pamba, na kwa Afrika Magharibi kituo kama hicho kikawekwa Ségou, nchini Mali. Kwa hiyo utaalamu upo.

Lakini hapa kuna swali zito ambalo wakulima huuliza, nalo ni la haki: "Mimi nimechagua pamba yangu punje kwa punje. Jirani yangu ameleta pamba yenye majani na mchanga. Zote zimemwagwa kwenye lundo moja. Mashine itajuaje ipi yangu?"

Jibu la kweli ni kwamba haitajua. Pamba ikishachanganywa, hakuna kamera duniani inayoweza kuitenganisha na kusema hii ya fulani na hii ya fulani. Mashine itapima wastani, na wastani huo utakuwa chini kwa sababu ya magunia machache. Mkulima wa Marekani hufaidika na vipimo kwa sababu pamba yake haichanganywi na ya mwingine kabla ya kupimwa na kupewa namba. Mkulima wa ekari mbili hawezi kujaza kinu peke yake. Ila chama cha msingi kinaweza. Wanachama mkikubaliana usafi wa namna moja, pamba safi ikae mbali na fifi kuanzia kituoni mpaka kwenye gari, na gari hilo lichambuliwe peke yake, basi marobota yake yatajulikana yametoka kwenu. Vipimo vya marobota hayo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wenu mnapozungumza bei. Pasipo kutenganisha, kupima kunamfaidi mnunuzi peke yake.

MAMBO YA KUFANYA MSIMU HUU

Basi ndugu mkulima, shika haya.

Moja. Chuma pamba tumba likiwa limefunguka kabisa na umande umekauka. Tumba nusu ni nyuzi changa, na maikronea itakusema.

Mbili. Nenda shambani na vifuko viwili: kimoja cha pamba safi, kingine cha fifi, yaani iliyodonolewa na wadudu, iliyopata madoa au iliyoanguka chini. Kuchagua wakati wa kuchuma ni rahisi kuliko kuchagua nyumbani usiku.

Tatu. Vifuko hivyo viwe vya nguo ya pamba. Kipande cha khanga kuukuu ya pamba kikichanika, uzi wake ni pamba. Salfeti usiitumie kuchumia, kuhifadhia wala kufungia. Kamba za plastiki vilevile.

Nne. Anika pamba juani kwenye kichanja au mkeka safi, si chini mchangani. Ukitaka kujua imekauka, ng'ata mbegu. Ikilia "ka!" na kupasuka, imekauka. Ikibonyea, bado.

Tano. Ihifadhi mahali pasipoingia kuku, mbuzi wala watoto wa kuchezea. Unyoya wa kuku na unywele ni uchafu kama uchafu mwingine.

Sita. Usitie maji wala mchanga, na ukimwona anayetia, jueni amewaibia ninyi wanachama kabla hajamwibia mnunuzi.

Saba. Katika mkutano wa chama ulizeni maswali mawili: pamba yetu safi imetenganishwa mpaka wapi, na marobota yake yalipimwaje? Ukipata jibu la kwanza tu, umeshaanza.

Kwa ufupi, tumesema hivi. Mashine za leo zinaweza kuona takataka, kupima unyevu, rangi, urefu na nguvu za nyuzi, na kumsaidia mwendesha kinu asiitese pamba bure. Lakini mashine huona kilicholetwa. Ikiletewa pamba safi iliyotengwa, itamshuhudia aliyeitunza. Ikiletewa mchanganyiko, itawahukumu wote pamoja.

Kwa maelezo zaidi mwone bwana shamba wa kata yako au viongozi wa chama chako cha msingi.